Nimerudi semina ya Python, darasani bado nakwama

mwl_micheweni
Assalaam alaykum walimu wenzangu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, Micheweni, na mwaka huu nimeongezewa somo la kompyuta. Nilipelekwa semina Unguja tukasomeshwa Scratch na Python, lugha za kuandikia programu za kompyuta. Wakufunzi walijua kazi yao, nawashukuru. Lakini kule kila mtu alikuwa na mashine yake. Skuli kwangu zinazowaka hazitoshi hata nusu ya darasa.

Juzi mtoto wa kidato cha pili kaandika `range(1, 5)`, amri ya Python ya kutoa namba kwa mpangilio, kisha akaniuliza kwa nini inatoka 1 hadi 4 na 5 haionekani. Sababu naijua. Namna ya kumfanya aione mwenyewe ndiyo sina, na semina haikuigusa kabisa. Nyinyi mnajiendeleza vipi? Au nisubiri semina nyengine?

bi_hisabati_wete
Waalaykumu salaam mwanangu. Usisubiri. Semina inakupa somo, lakini kulisomesha kwa watoto ulionao utajifunza hapo hapo ulipo, ukiwa na mwenzako.

Kwanza huyo mtoto, maana kauliza jambo kubwa. Python inaanzia namba ya kwanza na kusita kabla ya ile ya mwisho. Usimwambie. Darasa zima lichore jedwali daftarini: safu moja thamani ya `i`, yaani namba iliyofikiwa, kila mzunguko, ya pili kitakachotoka kwenye skrini. Wajaze kabla programu haijaendeshwa. Hapo kompyuta moja inatosha, kwa sababu kazi imeshafanyika kichwani.

La pili, mkasi. Andika programu fupi, kata kila mstari, changanya, kila kundi lipange. Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand waliandika juu ya mazoezi haya mwaka 2006. Wao walitumia skrini, sisi karatasi, na umeme ukikatika somo linaendelea.

La kujiendeleza sasa. Sisi hukutana kituo cha walimu, tunaandika somo moja pamoja, mmoja wetu analisomesha, waliobaki wanakaa nyuma. Hatumwangalii mwalimu, tunaangalia watoto: nani kasita, mstari gani, kasema nini kwa jirani yake. Halafu tunalirekebisha. Walimu wa Japani wanafanya hivi vizazi na vizazi. Mimi limenifaa kuliko vyeti vyote nilivyonavyo kabatini, na nasema hivi kwa dhati.

mwl_kusini_unguja
Bi, nakubaliana nawe, ila nauli ya kufika kituoni inatoka mfukoni, na mwalimu mkuu wangu haruhusu mtu kutoka siku ya kazi. Anayesomesha kompyuta peke yake skuli nzima afanyeje?

Scratch, kwa faida ya wengine: inafanya kazi bila intaneti. Ichukueni kwa flashi. Lugha ya Kiswahili imo pia.

bi_hisabati_wete
Hoja ya nauli ni ya kweli, na wakubwa wetu wanapaswa kuisikia. Aliye peke yake amchukue mwalimu wa hisabati wa hapo hapo skuli. Si lazima ajue Python. Asiyeijua huuliza yale yale watakayouliza watoto.

mwl_micheweni
Mwalimu wetu wa hisabati hana kipindi Jumatano saa nne, nami nina kidato cha pili. Nimeshamwambia, kakubali. Bi, nipe programu ya kuanzia kukata.

bi_hisabati_wete
Chukua hii:

```
jumla = 0
for i in range(1, 6):
    jumla = jumla + i
print(jumla)
```

Ongeza kipande cha tano cha kuwababaisha: `for i in range(1, 5):`. Sharti lako ni moja, jibu liwe jumla ya 1 hadi 5. Watakaochagua hicho watapata 10, wenzao 15. Mwenzako akae karibu na kundi lenye 10, aandike wanavyobishana neno kwa neno. Karatasi hiyo ndiyo mtakayokaa nayo nyinyi wawili baada ya kipindi.