Naombeni ushauri: mbio za theluji Finland, mwili wangu utahimili?

Mkimbizi_Barani: Assalamu alaykum ndugu zangu. Mie wa hapa Malindi, nakimbia mpaka Mambrui na kurudi. Kuna Mtaliano kajitolea kunilipia mbio za Rovaniemi kule Finland mwezi wa pili, kilomita 150 kwenye theluji, unavuta mwenyewe chakula na malazi yako, na baridi yaweza kufika digrii 30 chini ya sifuri. Nibebe chakula gani? Silali nawaza.

Baharia_Mstaafu: Beba tende na halua. Mie melini tulipita bahari ya Baltiki, kamba zilikuwa ngumu kama chuma, mpishi wetu wa Lamu akatupikia uji wa pilipili manga tukapona. Yule mpishi bwana, hakuna tena mtu kama yule.

Dada_Zahanati: Kaka, halua peke yake haitoshi. Fiennes na Stroud, wale Waingereza walioivuka Antaktika 1992–93 wakivuta mizigo, walikula kama kalori 5,000 kwa siku na bado kila mmoja akapungua zaidi ya kilo 20. Mafuta mwili unayo, shida ni sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, hiyo ni kidogo na kutetemeka kunaitumia. Ikipungua na sukari ya damu ikashuka, hata kutetemeka kunapungua, ndipo joto la mwili linaporomoka. Kwa hiyo unakula njia nzima, husubiri njaa. Una maradhi yoyote?

Mkimbizi_Barani: Mie mzima, nimeuliza chakula tu.

Dada_Zahanati: Mtu mzima halali kwa ajili ya chakula?

Mkimbizi_Barani: Haya. Nina sukari, ile ya tangu utotoni, nachoma insulini. Lakini msinianze, nakimbia nayo miaka yote. Na nishaanza kupunguza kipimo ili mwili uzoee, si mbio zenyewe zinashusha sukari?

Mzee_Kaskazi: Mwanangu, mamako anajua? Vijana wa siku hizi mkiona tiketi ya ndege mnasahau wazazi.

Chunguza: Uzi wa kutunga huu. Mgonjwa wa sukari, Mtaliano, theluji, bado tembo tu.

Mwana_Watamu: Hata Philip Boit, Mkenya mwenzetu, alipokwenda kushindana kuteleza kwenye theluji kwa skii Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998 watu walisema utani, akamaliza wa mwisho na Bjørn Dæhlie wa Norwei aliyeshinda akamngoja mstarini amkumbatie.

Chunguza: Boit hakuwa na sindano mfukoni. Ushahidi uko wapi?

Mkimbizi_Barani: Ushahidi gani? Umeme ukikatika huku insulini naitia kwenye mtungi wa udongo, chini mchanga mbichi, juu kitambaa cha maji, na kila nikipita nakigusa kama kimekauka. Nani atakaa atunge hayo?

Dada_Zahanati: Mie namuamini, mtungi huo nimeuona majumbani kwa watu. Ila kule mambo ni kinyume, insulini ikiganda mara moja haifai tena hata ikiyeyuka, lazima ikae kifuani ndani ya nguo pamoja na mashine ya kupimia, maana baridi ikizidi nayo hukataa kusoma. Sukari ikishuka hutetemeki sawasawa na utadhani ni uchovu tu. Na kujipunguzia dozi kienyeji kunatia damu asidi, hilo linaua hapahapa Malindi kabla hujaiona theluji. Mtaliano anajua?

Mkimbizi_Barani: Hajui. Akijua atampa mwengine nafasi. Fomu ya afya nimejaza jina tu.

Dada_Zahanati: Basi fomu iache hivyohivyo. Leo rudi kwenye dozi uliyoandikiwa, kesho njoo na hiyo fomu kliniki tuijaze mbele ya daktari.