Kikopo cha mafuta ya breki ya mbele: nibadilishe masta nzima au nihamishe kikopo?

Mwavuli_Juu
Wadau, pikipiki ni ya cc 150 yenye diski moja mbele, usukani wa milimita 22. Kikopo kimeungana na masta (pampu ya breki iliyo penye mkono wa breki), kile cha mraba chenye kidirisha kinachomtazama dereva. Kidirisha kinatoa jasho na rangi ya tangi imeanza kubambuka. Isitoshe, nikikata kushoto hadi mwisho, kona ya kikopo inagonga nguzo ya mwavuli. Nimeambiwa kuna njia nne: kubandika kidirisha kwa gundi, kununua masta mpya kamili Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta masta ya mtumba iliyotoka kwa pikipiki ya Japani, au kuweka kikopo cha pembeni chenye paipu. Mwenye kujua anipe faida na hasara za kila moja.

Spana_Kumi_na_Mbili
Gundi iondoe kwenye orodha. Watu huidhani inatosha kwa sababu ndani ya kikopo hakuna presha, presha iko mbele ya pistoni. Lakini mafuta ya breki hulainisha gundi nyingi, na kipande kikianguka chini ya kikopo kuna vitundu viwili pale: kimoja kikubwa cha kuingiza mafuta, kingine chembamba kama ncha ya sindano cha kurudisha. Hicho chembamba kikiziba, mafuta yakipata joto hayana pa kurudi, na breki inashika yenyewe ukiwa barabarani.

Jambo la pili: kikopo kilichosubiwa pamoja na masta hakihamishiki. Ukitaka kikopo cha pembeni unanunua masta nyingine yenye mdomo wa paipu. Kwa hiyo njia zako ni tatu, na zote zinabadilisha masta.

Kabla ya kununua, legeza bolti mbili za kishikizo, sogeza masta ndani kidogo na uizungushe. Huenda nguzo ikakwepeka bila gharama. Mradi tu kifuniko kibaki kimelala sawa usukani ukiwa umenyooka. Ukikiinamisha sana, kitundu kinabaki hewani mafuta yakipungua, na masta inavuta hewa.

Pistoni_14
Kabla ya kuuliza bei, uliza kipenyo cha pistoni. Mara nyingi kimechorwa kwenye mwili wa masta, kwa milimita au kwa sehemu ya inchi. Kwa diski moja mara nyingi utakuta 11 au 12.7, na masta nyingi za diski mbili huanza 14 kwenda juu.

Tuseme yako ni 12.7, eneo la pistoni ni kama milimita 127 za mraba. Ukiuziwa ya 14 eneo linakuwa 154. Kwa nguvu ileile ya vidole, presha kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) inashuka karibu asilimia 18. Mkono wa breki unakuwa mgumu kama ubao na mtu anafurahi kwamba breki imekaza, kumbe inashika kidogo kuliko mwanzo. Ukiweka ya 11 kinyume chake: breki inashika kwa vidole viwili, ila mkono unasafiri theluthi moja zaidi, na pedi zikiisha unaweza kugusa gripu. Kaa na kipimo kilichotoka kiwandani.

Hapo ndipo mtumba wa Japani huponza watu. Masta ni imara, aluminiamu nzuri, lakini nyingi zilitoka kwenye diski mbili. Tena mipira ya pistoni imekaa kavu muda mrefu, kwa hiyo jumlisha bei ya seti ya mipira mipya. Kagua pia ukuta wa silinda kwa tochi. Ukiona vishimo vya kutu nyeupe, irudishe, maana mpira mpya hautaziba shimo.

Mengine ya kulinganisha mezani kwa muuzaji: uzi wa bolti ya banjo, ile yenye tundu inayofunga paipu ya breki (za Japani nyingi ni M10 x 1.25, za Ulaya M10 x 1.0, usilazimishe, utaua uzi wa masta), tundu la kioo cha pembeni (Yamaha upande wa kulia huwa na uzi wa kinyume), na swichi ya taa ya breki. Masta nyingi za bei nafuu hazina mahali pa swichi yako. Breki inafanya kazi, taa ya nyuma haiwaki, na aliye nyuma yako Waiyaki Way hana habari.

Paipu_Isipinde
Mimi natetea kikopo cha pembeni, lakini kwa masharti. Kikopo kikae juu ya mdomo wa masta wakati wote, hata usukani ukikatwa pande zote mbili. Paipu ipande moja kwa moja, isiwe na tumbo wala mgongo, kwa sababu povu la hewa linatafuta sehemu ya juu na likikwama kwenye mgongo wa paipu halitoki. Fupi ndiyo nzuri. Klipu mbili, moja kila mwisho, na kishikizo cha chuma kisichotikisika. Vikopo vilivyofungwa kwa kamba ya plastiki hukatika shingoni kwa mtetemo.

Fungua kifuniko kabla ya kulipa. Ndani kuwe na mpira uliokunjwa kama akodioni. Pedi zikiisha kiwango kinashuka, mpira unajinyoosha kukifuata, na hewa yenye unyevu haigusi mafuta. Kikopo kisicho na mpira huo ni chupa tu: kinamwaga pikipiki ikilala na kinanyonya unyevu msimu wote wa mvua.

Mwavuli_Juu
Asante. Paipu naweza kutumia ile ya petroli, ya uwazi?

Paipu_Isipinde
Hapana. Mpira wa petroli umetengenezwa kuvumilia petroli. Mafuta ya breki huuvimbisha na kuulainisha, na ile ya plastiki ya uwazi hukauka ikapasuka penye klipu. Omba paipu ya mafuta ya breki, ya upande wa kikopo usio na presha.

Stendi_ya_Kati
Natofautiana na mwenzangu hapo juu. Kwa pikipiki ya kazi, kikopo cha pembeni kinaongeza maungio mawili ya kuvuja na kitu kimoja cha kugongwa na kioo cha matatu. Kinafaa usukani ulioinuliwa au kinga kubwa ya upepo. Kwa nguzo ya mwavuli tu, sogeza nguzo! Kisha weka masta mpya kamili yenye kikopo chake, ya kipimo kileile cha kiwandani.

Spana_Kumi_na_Mbili
Naungana na Stendi. Kazi yenyewe iende hivi.

Funika tangi kwa kitambaa, weka ndoo ya maji karibu. Mafuta yakidondoka kwenye rangi mwagia maji mara moja, usipanguse pakavu. Nyonya mafuta ya zamani kwa sindano ya mililita 20. Fungua banjo, kwa kawaida spana 12 au 14. Pete bapa (washa) mbili za shaba ziwe mpya, moja kila upande wa jicho la paipu. Za zamani zimeshabonyea na hapo ndipo uvujaji mwingi huanzia. Kishikizo kikiwa na alama ya mshale au UP, itazame juu. Kaza bolti ya juu kwanza, kisha ya chini.

Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 mapya, chupa ya mililita 250 inatosha na kubaki. Ikiwa haijanyonya maji huchemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 155. Ndiyo maana chupa iliyokaa wazi kibandani haifai, hasa kwa anayeteremka Limuru kwenda Mai Mahiu na mzigo. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye. Na mtu akikumiminia ATF (mafuta ya gia za otomatiki) au oili ya injini, mipira yote inavimba: masta, kalipa, vyote vinafunguliwa upya.

Kutoa hewa: jaza kikopo, kisha cheza na mkono wa breki kidogo kidogo, sentimita moja tu, mpaka vipovu viache kutoka kwenye vitundu. Halafu nenda kwenye nipeli ya kalipa, ile skrubu ya kutolea hewa. Bana mkono, fungua nipeli robo mzunguko, funga, ndipo uachie. Kikopo kisishuke chini ya alama ya chini hata mara moja. Mkono ukibaki laini, ufunge kwa mpira wa tyubu usiku kucha. Vipovu vilivyobaki hupanda vyenyewe.

Mwavuli_Juu
Na nikimaliza nikute gurudumu linabana?

Pistoni_14
Angalia mkono wa breki kwanza. Kati yake na pistoni kuwe na uchezi mdogo, kama milimita moja. Usipokuwepo, pistoni hairudi hadi mwisho na kile kitundu chembamba kinabaki kimefunikwa. Jaribu hivi: gurudumu likibana, legeza nipeli kidogo. Likiachia, mafuta yalinaswa, shida iko juu kwenye masta. Lisipoachia, pistoni za kalipa zimekwama kwa vumbi na kutu. Na kama umejaza kikopo hadi ukingoni pedi zikiwa zimeisha, siku ya kuweka pedi mpya yatafurika, kwa hiyo nyonya kidogo kabla ya kusukuma pistoni ndani.