Mjadala: Udugu gani huu wa Frimasoni unaomfungia mwanamke mlango?

Mkazi wa Buzuruga: Wadau, salaam. Kwenye nguzo ya umeme karibu na stendi ya Buzuruga, hapa Mwanza, kumebandikwa karatasi: "Jiunge na Frimasoni, wake kwa waume, utajiri wa haraka," na namba ya simu chini. Huo ni utapeli, Frimasoni halisi, chama cha udugu chenye ibada zake za siri, hawasaki wanachama kwenye nguzo. Tena hao halisi wa mkondo wa Kiingereza, wenye jengo lao pale Dar, ambao marehemu Sir Andy Chande wa Bukene aliwaongoza Afrika Mashariki miaka mingi bila kujificha, hawapokei mwanamke kabisa. Kanuni zao za mwaka 1723, zilizoandikwa na mchungaji James Anderson, zinawakataa watumwa na wanawake kwa pamoja. Na hao hao wanafundisha upendo wa kindugu, kusaidia wenye shida, na ukweli. Naomba tujadili bila habari za kafara: mafundisho hayo yanakuwaje ya binadamu wote kama nusu ya binadamu wako nje ya mlango?

Mzee wa Igoma: Kijana, hapo hakuna mjadala. Wanaume wana baraza lao na wanawake wana lao. Mwanamke siri haimkai. Na msituzuge kwamba hawajaingia. Hao akina mama wa mabondo (vibofu vya sangara) na dagaa pale soko la samaki Kirumba, jana anauza mafungu, leo ana ghorofa Kiseke. Pesa imetoka wapi? Wameshaingia siku nyingi.

Mama wa Mwaloni: Shikamoo mzee. Swali la kijana nilitaka kulipita, maana hao Frimasoni siwajui na wao hawanijui. Lakini hapo kwenye dagaa umenigusa. Nina miaka 19 pale mwaloni. Siku za mbalamwezi mitumbwi haitoki, dagaa hawafuati taa, tunakaa tunakula akiba. Giza likirudi naamka saa tisa usiku kupokea mzigo. Mvua ikiwakuta dagaa wamelala mchangani wanaharibika, unauza kwa bei ya chakula cha kuku. Magunia yangu yanakwenda Kongo, na mteja wa Kongo analipa akitaka. Nyumba yangu si ghorofa, ni vyumba vinne, nimejenga kwa pesa za kikoba, tofali kwa tofali. Niambie mzee, katika hayo Frimasoni kaingilia wapi?

Mwanafunzi wa Nyegezi: Turudi kwenye mada jamani. Wanawake Frimasoni wapo. Ufaransa mwaka 1893 aliingizwa mama mmoja anaitwa Maria Deraismes.

Msomaji wa Capri Point: Umechanganya kidogo mdogo wangu. Aliingizwa 14 Januari 1882, kwenye loji moja ya Le Pecq karibu na Paris. Loji namaanisha kundi lao la kukutania, si hizi za kulala wageni. 1893 ni mwaka aliounda chama kipya na daktari Georges Martin, Le Droit Humain, wanaume na wanawake pamoja. Hiyo miaka kumi na moja katikati ndiyo habari yenyewe, kwa sababu loji iliyompokea ilisimamishwa na wakubwa wake kwa kosa hilo. Mama wa watu hakungoja wamsamehe.

Mzee wa Igoma: Ufaransa si Usukuma. Hapa hata watu wa nyoka, Bagoyangi na Bayeye, wana siri zao na mtu hawaulizi.

Binti wa Magu: Mzee, Usukuma huo huo una wafumu, yaani waganga, wanawake wanaojua siri za ukoo mzima. Mama yangu mkubwa alikuwa mmoja wao, amezikwa nazo. Na umesema siri haimkai mwanamke. Wenyewe Frimasoni wanasimulia habari za Elizabeth Aldworth wa Ireland, mwanzoni mwa miaka ya 1700, aliyesikia ibada yao kupitia ukutani nyumbani kwao. Walipomkamata wakaona heri wamuapishe awe mwenzao. Hadi anakufa hakutoa neno.

Mkatoliki wa Nyakahoja: Mnapoteza muda. Papa Klementi XII alikataza tangu 1738, na mwaka 1983 Roma ikatamka tena kwamba msimamo haujabadilika. Mkatoliki haingii, awe mume awe mke.

Mkazi wa Buzuruga: Nakuheshimu ndugu, lakini sijauliza nani aingie. Nimeuliza kama udugu wa wanaume peke yao unaweza kuitwa udugu.

Msomaji wa Capri Point: Jibu la Waingereza lina utata. Wanawake wa kule wana vyama vyao wenyewe, kimoja cha 1908 na kingine cha 1913, ibada zilezile, aproni zilezile. Mwaka 1999 wakubwa wa wanaume wakakiri kwamba akina mama hao wanafanya kila kitu sawasawa, tatizo ni moja tu, wanapokea wanawake. Kutembeleana kwenye ibada, marufuku. Ukishakiri kwamba mwenzako anafanya unachofanya, kilichobaki kukutenga naye ni nini?

Mzee wa Igoma: Mayu (mama) wa mwaloni sijamjibu. Sikukutaja kwa jina. Kama huna ghorofa, basi neno halikuhusu.

Mama wa Mwaloni: Linanihusu, baba. Mwaka juzi mtoto wangu alirudi shuleni analia, wenzake wamemwambia mama yake ametoa mtu kafara ndiyo maana tuna friza mbili. Friza za mkopo! Walisikia wapi kama si kwa watu wazima kama wewe?

Binti wa Magu: Na mimi niseme la nyumbani. Bibi yangu aliitwa mchawi kwa macho mekundu. Yalikuwa mekundu kwa moshi, kuni hakuna, anapikia samadi kavu na mabua ya pamba. Tulimtorosha usiku kwa baiskeli mpaka barabara kuu, wasije wakamuua. Mwanamke akizeeka na umaskini wake ni mchawi, akipata pesa zake ni Frimasoni. Wanaume wenye maboti ishirini mbona hamuwaulizi?

Mzee wa Igoma: Mimi sijawahi kumgusa kikongwe wa mtu! Usiniunganishe na wauaji. Mama yangu mwenyewe alikuwa na macho hayo hayo, Mungu amrehemu.

Binti wa Magu: Basi unajua ninachosema.

Mwanafunzi wa Nyegezi: Mimi namuunga mkono mzee hapo tu, kuwa na chama cha wanaume peke yao si dhambi. Hata kikoba cha mama hapo juu nadhani hakina mwanaume.

Mama wa Mwaloni: Tunaye mmoja, mweka hazina. Tulimpigia kura.

Mkazi wa Buzuruga: Naona mada imeniponyoka.

Dada wa Mabatini: Samahanini, nasoma tangu mwanzo naogopa kuandika. Hiyo namba ya kwenye nguzo, mdogo wangu wa kike ameipigia. Walimwambia wanawake wanapewa kipaumbele. Ametuma laki mbili za fomu, sasa wanadai laki tatu za kiapo, asipotuma atapatwa na balaa. Usiku hapati usingizi. Nifanyeje?

Msomaji wa Capri Point: Asitume hata shilingi. Atunze ujumbe wote, asifute. Namba hiyo ipelekwe 15040, ya kuripoti matapeli wa simu, kisha kituo cha polisi na kumbukumbu za miamala.

Mzee wa Igoma: Mwanangu, hakuna balaa lolote hapo. Mwambie mdogo wako alale. Ni wezi tu.

Mama wa Mwaloni: Dada, kesho mbalamwezi itakuwa bado ipo, sina mzigo. Njooni naye mwaloni saa mbili, upande wa dagaa, ulizeni Mama mwenye mwavuli wa kijani. Nitakwenda nanyi kituoni, nisimame naye akitoa maelezo.

Mzee wa Igoma: Mkipita Buzuruga mnishtue kijana. Hiyo karatasi nitakuja tuibandue pamoja.