Siku moja Kisumu: makumbusho, kinamasi cha Dunga au hifadhi ya swala?

MamaPili_Nakuru: Hamjambo wenzangu. Jumamosi nitakuwa Kisumu na wanangu wawili, wa miaka 7 na 11, pamoja na mama mkwe. Tuna siku moja tu. Mkubwa anapenda ndege, mdogo nyoka. Mama magoti yanamsumbua. Niende Makumbusho ya Kisumu, Dunga, au ile hifadhi ya swala kando ya ziwa?

Nyarkisumo: Karibu kwetu, dadangu. Anzeni Dunga, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe mmefika. Wakati huo ziwa limetulia na ndege wako juu ya mafunjo. Mchana upepo huamka. Mwaka juzi nilipeleka wageni saa nane, gugumaji likasukumwa likaziba njia, tukakaa karibu saa nzima mwenye mashua akilitenga kwa kasia.

Mwambie mkubwa atafute ndege mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu kama pilipili iliyoiva na utosi wa manjano. Huyo makao yake ni mafunjo tu. Yakifyekwa au kuchomwa hana pa kuhamia, ndiyo maana sisi wa huku tunaumia tukiona moshi upande ule. Mtamsikia kabla ya kumwona. Nzohe, yule swala wa kinamasi, pia yumo, ila usiwaahidi watoto. Akishtuka huzama majini akabakiza pua.

Mwalimu_wa_Historia: Dunga sawa, lakini makumbusho msiyaache. Yalifunguliwa 1980, na kwangu hazina yake iko uani: Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo. Wasimamishe watoto langoni uwaulize nani alikuwa mkubwa humu. Wataona wenyewe, maana nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazamana na lango. Ya nyachira, mke wa pili, na ya reru, wa tatu, ziko kando, na nyumba ya kijana, iitwayo simba, iko karibu na lango. Nimewapeleka wanafunzi mara nyingi, na kila mara kuna mmoja anayeuliza mbona kwao mjini hakuna lango la namna hiyo. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Nyoka wapo, na samaki wa ziwa kwenye matangi. Ndani kuna simba aliyekaushwa akimrukia nyumbu, mdogo hatamsahau.

Msafiri_wa_Bondo: Hifadhi ya swala ilianzishwa 1992 na ni ndogo. Swala wanatembea huru, lakini simba na chui wako vizimbani. Kwa siku moja ningeiruka. Mkipata saa mbili za ziada, fuateni barabara ya Bondo mpaka Kit-Mikayi, yale majabali makubwa yaliyopandana. Jina ni "jiwe la mke wa kwanza", na watoto waliotoka kuona nyumba ya mikayi watalielewa papo hapo.

MamaPili_Nakuru: Asanteni sana. Basi Dunga alfajiri, kisha makumbusho. Na mama ataweza kupanda mashua?

Nyarkisumo: Ukingo ni wa chini na unateleza, ningemwacha ufukoni. Kina mama wanaokaanga samaki watamkaribisha kivulini, na hapo anaona mashua za wavuvi zikirudi. Nyinyi wengine dai jaketi za kujiokolea kabla hamjasukumwa majini, hata wakisema mnaenda hapa karibu tu.

Mwalimu_wa_Historia: Na beba kitambulisho, bei ya raia iko chini ya ile ya mgeni.

MamaPili_Nakuru: Mama amesikia habari ya samaki, anauliza kama ngege (tilapia) watakuwepo asubuhi hiyo. Mbuta (sangara) hataki.