Mkufu wa zawadi umeanza kupauka, gauni halifungi, viatu vinabana: nimwambie au ninyamaze?

Binti_Nyalenda:
Hamjambo wote. Niko Kisumu. Mpenzi wangu amenipa zawadi tatu kwa mpigo: mkufu wenye muhuri wa 18K, gauni la kitenge alilonishonea kwa fundi bila mimi kupimwa, na viatu vya ngozi namba 39 ilhali mimi huvaa 40. Mkufu umepauka karibu na kifungo na unaniachia rangi ya kijani shingoni. Zipu ya gauni inagoma kwenye mbavu. Viatu sitembei navyo. Pesa hizo najua alizichanga kwa jasho, kwa hiyo sitaki kumvunja moyo. Je, mkufu ni dhahabu? Vitu hivi vinaweza kuokolewa? Na maneno ya kumwambia ni yapi?

Sonara_Nakuru:
Pole, dada. Kwanza soma muhuri wote, si mwanzo wake tu. Upige picha kwa simu kisha ukuze picha. 18K au 750 humaanisha sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu. 14K huandikwa 585, na 9K huandikwa 375. Lakini herufi GP zikifuata, huo ni mkufu wa kuchovya: ndani ni metali nyingine, juu kuna utando mwembamba wa dhahabu. Mnunuzi asiyejua huona 18K na kulipa. Hata muhuri ukiwa safi si ushahidi kamili, kwani yeyote mwenye patasi ya muhuri anaweza kugonga 750 juu ya brasi, mchanganyiko wa shaba na zinki.

Sumaku nayo isikudanganye. Brasi haivutwi na sumaku, na dhahabu haivutwi. Ukiona mkufu umenata, umejua kuna chuma au nikeli. Usiponata hujajua lolote.

Kipimo cha kuaminika nyumbani ni cha maji. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu hadi 0.01. Pima mkufu mkavu, andika. Weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga mkufu kwa uzi, uzamishe wote bila kugusa kuta wala sakafu ya glasi, na wewe ndiye ushike uzi. Soma mizani. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Brasi hutoa kama 8.5, fedha ya 925 kama 10.3, dhahabu ya 18K huwa 15 au zaidi kidogo. Kosa la kawaida ni mapovu kujibana kwenye pete za mkufu. Tia tone la sabuni ya vyombo na uutikise ndani ya maji kabla ya kusoma. Mkufu wenye uwazi ndani huleta namba ya chini hata ukiwa halali, kwa hiyo huo mpelekee sonara.

Ile rangi ya kijani ni shaba. Imo ndani ya brasi. Jasho lenye chumvi hula shaba na kuacha chumvichumvi za kijani. Kwa joto na unyevu wa kando ya ziwa, utando mwembamba huisha upesi, na huanzia pale panaposuguana: kifungo, kisogo, na pete za mkufu zinapokutana.

Binti_Nyalenda:
Asante sana. Muhuri unasema 18K tu, hakuna GP. Mizani imetoa 11.90 mkufu ukiwa mkavu, na 1.40 kwenye maji.

Sonara_Nakuru:
11.90 kwa 1.40 ni 8.5. Hiyo ni brasi, dada.

Usiusugue kwa ndimu, magadi wala dawa ya meno. Vyote vitamaliza kile kilichobaki. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, basi. Rangi ya kucha isiyo na rangi husaidia kwa muda mfupi kwenye pete, lakini kwenye mkufu hubanduka haraka kwa sababu haukai mahali pamoja. Kuuchovya upya kunawezekana: uliza utando utakuwa wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) ngapi. Nusu mikroni hautakaa. Mikroni 2.5 kwenda juu ndiyo thamani ya pesa, ingawa mkufu husuguana wenyewe na utachakaa kabla ya hereni.

Na angalia ngozi. Kijani kinachotoka kwa sabuni bila kuwasha hakina neno. Ukiona wekundu, mwasho au malengelenge siku moja hadi tatu baada ya kuvaa, hiyo huenda ni mzio wa nikeli, na hapo vua kabisa. Kuchovya upya hakutakuponya, kwani utando ukikwaruzika nikeli inarudi kwenye ngozi.

Msaidizi_wa_Sheria:
Kabla ya kuuchovya tena, ngoja! Ukishauchovya umeharibu ushahidi. Mkufu uliouzwa kama dhahabu ya 18K na ukawa brasi haulingani na maelezo yake, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inampa mnunuzi haki ya kuukataa. Kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" hakimpi muuzaji ruhusa ya kuuza brasi kwa jina la dhahabu.

Ila mnunuzi kisheria ni mpenzi wako, si wewe. Ndiyo maana huwezi kulimaliza hili kimyakimya. Aende na mkufu, risiti, ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha jina la biashara, na karatasi ya sonara yenye uzito na majibu ya kipimo. Akose risiti, ujumbe wa M-Pesa unatosha kuonyesha alilipa nani, siku gani, kiasi gani. Duka likikataa, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, wakili si lazima, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Aende mapema. Kukaa na mali muda mrefu huhesabiwa kama kuikubali.

Fundi_Kakamega:
Gauni usilikatie tamaa. Ligeuze ndani nje upime akiba ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni. Kukiwa na sentimita 2 kila upande wa mshono, fundi anaweza kutoa 1 na kubakiza 1. Mshono mmoja una vipande viwili, na mbavu ni mbili, kwa hiyo unapata sentimita 4 kwa mzunguko mzima. Kwa zipu iliyogoma kidogo, hiyo kawaida hutosha. Lakini kama ovaloki (mshono wa kuzuia kingo zisifumuke) ilipitishwa sentimita 1 kutoka kwenye mshono, hakuna cha kutoa.

Hapo mrudie fundi yuleyule aliyeshona, haraka. Kitenge huuzwa yadi 6, na gauni refu hula 3 au 4, kwa hiyo vipande vya ua lilelile vinaweza kuwa bado vipo kwake. Aweke ukanda mrefu kutoka kwapani hadi nyongani pande zote mbili, ndani ya mshono. Ukanda wa upande mmoja tu huvuta zipu na gauni likakaa upande. Mwambie pia asifumue kwa wembe. Kitenge chepesi huchanika kwenye mashimo ya sindano.

Viatu: kama havijakanyaga nje, vikabadilishwe. Namba moja ni karibu milimita 6.7 za urefu, na ngozi hutanuka upana, urefu hautanuki. Kuvitia kalibu (umbo la mguu la kutanulia viatu) kwa fundi kutakupa nafasi ubavuni huku vidole vikiendelea kukunjwa.

Mzee_wa_Milimani:
Mimi naona gauni na viatu dada ashughulikie mwenyewe bila kelele. Mwanamume akiambiwa mara tatu kwamba amekosea, mara ya nne hataleta kitu.

Dada_Kibuye:
Mzee wangu, kwa heshima nakataa. Akinyamaziwa, mwakani ataleta 39 nyingine na mkufu wa duka lilelile. Ila asiambiwe yote matatu kwa kikao kimoja, hapo tuko pamoja.

Dada, anza na mkufu, maana huo una haraka na kosa ni la muuzaji. Mwe wawili, si mbele ya marafiki zake. Mwonyeshe kifungo kilichopauka, halafu: "Walikuuzia brasi kwa bei ya dhahabu. Nataka pesa zako zirudi, twende wote." Usimuulize bei. Viatu vifuate njia hiyohiyo, siku hiyohiyo mkiwa mjini. Gauni mshukuru na umwambie unalipeleka likapanuliwe ubavuni ulivae; hilo halina aibu, nguo yoyote hupanuliwa.

Kisha mtumie vipimo kwenye WhatsApp ili avihifadhi: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa bega hadi goti, na urefu wa unyayo kwa milimita, uliopimwa jioni miguu ikiwa imevimba kidogo.

Sonara_Nakuru:
Ongeza kidole cha pete. Zungushia ukanda mwembamba wa karatasi, upite juu ya kifundo, weka alama, upime kwa rula. Milimita 54 ni pete yenye kipenyo cha ndani cha 17.2. Pima mchana, kidole kikiwa na joto. Pete ya dhahabu au fedha ikikosea, sonara huikata na kuiunga. Ya kuchovya ikipigwa moto utando huungua.