Bustani ya umma kufungwa jioni kwa ajili ya taa za Kichina: ni haki?

MpembaWaRace
Wadau wa Philadelphia (Philly) huku Marekani na kwingineko, naleta mada. Pale Franklin Square, kona ya mtaa wa 6 na Race, kila kiangazi kuna Tamasha la Taa za Kichina. Lilianza 2016, likasimama 2020 na 2021 kwa korona, likarudi 2022. Mchana bustani ni ya bure kama kawaida. Jioni ikiingia, saa kumi na mbili, huvuki uzio bila tiketi, na mtu mzima ni zaidi ya dola 20. Mwaka 2025 lilikwenda hivyo kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti.

Ile ni moja ya bustani tano alizozichora William Penn mwaka 1682 alipopanga mji, ziwe za wakaaji wote. Sasa miezi ya joto kali, saa ambazo mtu ametoka kazini na anataka kukaa kwenye benchi na wanawe, bustani ina bei. Walioko jirani kabisa ni Wachina wa Chinatown, ambao hawana sehemu nyingine ya majani ya maana. Taa sizipingi, Wachina siwapingi. Napinga uzio. Mji umewezaje kuruhusu hili?

Ngosha215
Mkuu, umekuja Philly lini? Mimi niliikuta Franklin Square miaka ya tisini. Hakuna mama aliyempeleka mtoto pale. Chemchemi ya 1838 ilikuwa imekufa, magari ya daraja la Ben Franklin yanapita pembeni, mtu mwenye akili alizunguka mbali. Ilikarabatiwa 2006, miaka 300 tangu Benjamin Franklin azaliwe, ikawekwa farasi wa kuzunguka, gofu ndogo, vyoo. Wanaoiendesha ni shirika la Historic Philadelphia, na wanasema wazi kwamba mapato ya taa yanasaidia kuitunza na kuendesha mambo ya bure mwaka mzima. Fedha hizo zingetoka wapi? Sisi Waswahili tatizo letu ni kupenda vya bure. Harusi ya mtu tunaingia bila kadi, tunakula, na sinia tunabeba.

MamaZuhura
Ngosha, hapo kwenye harusi umetukosea adabu. Pwani harusi haina kadi kwa sababu ni ya mtaa mzima. Sufuria za pilau zinapakuliwa kwa yeyote aliyefika, awe mwenye koti au mwenye kanga moja. Hiyo kadi ya kuandikwa "single" na "double" mmeileta nyinyi wa bara, na mtu asiyechanga anabaki nyumbani akisikia muziki kwa mbali.

Ngosha215
Dada yangu, anayechanga ndiye anayelisha. Kamati inakaa vikao miezi mitatu, mweka hazina anasoma majina, watu wanatoa ahadi na wanalipa. Siku ya siku kila mgeni ana kiti, ana sahani, ana kinywaji. Nimekwenda harusi za pwani ambazo ndugu wa bwana harusi wenyewe walikosa nyama kwa sababu mtaa wa tatu ulisikia harufu.

BintiMakunduchi
Uongo huo. Nyama ikiisha pwani, jirani anatoa kuku wake. Na kama hujawahi kuona hilo, basi hujawahi kualikwa vizuri.

FundiChuma
Rudini kwenye mada jamani.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nilisimama nje ya uzio mchana wakati wanajenga taa, nikasahau nilikokuwa naenda. Mafundi wanatoka Zigong, mkoa wa Sichuan, mji uliotajirika kwa visima vya chumvi tangu zamani na ambao leo dunia nzima inawajua kwa taa. Wanakunja vyuma vyembamba kwa mkono wakifuata mchoro, wanachomelea pointi ndogo ndogo, hakuna tone la ziada. Ndani wanapitisha nyaya na balbu za LED. Halafu wanakuja akina mama na vitambaa vya hariri. Kila kipande kinakatwa kufuata pengo moja la fremu, gundi inapakwa kwenye chuma, kitambaa kinavutwa mpaka kinakaza bila kunjo hata moja, kingo zinapunguzwa kwa mkasi. Shingo ya ndege mmoja ilikuwa na mapengo yasiyohesabika, na rangi inabadilika taratibu kutoka kipande hadi kipande. Lile joka refu lina urefu wa kama futi 200. Kazi hiyo mnataka muione bure?

MpembaWaRace
Fundi, nakuheshimu, lakini hujajibu nilichouliza. Fundi alipwe, tena alipwe vizuri. Swali ni kwa nini alipwe kwa kufunga bustani ya umma. Ukumbi upo, kiwanja cha kukodi kipo.

FundiChuma
Taa za ukubwa ule zinahitaji miti, maji na anga. Weka joka ndani ya ukumbi uone litakuwaje.

MswahiliStLouis
Huku kwetu St. Louis zilikuja 2012, ndani ya Missouri Botanical Garden. Kulikuwa na joka la vyombo vya kaure: sahani, vikombe na vijiko vilivyofungwa kimoja kimoja mpaka vikawa magamba. Hakuna aliyelalamika kuhusu tiketi kwa sababu bustani ile ina kiingilio miaka yote. Naona tofauti iko hapo. Bustani ya mimea ni taasisi, ina mlango na mtunza mlango. Franklin Square ni kiwanja cha mji. Mkishaizoea ikiwa na uzio kwa taa, mwaka mwingine itazungushiwa uzio kwa bia.

KamandaOtieno
Hii ndiyo point. Sisi Nairobi tulifundishwa hili na Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira. 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya mji, na wakubwa wakamtukana bungeni kwa sababu alikuwa mwanamke anayeuliza maswali. Akaandika barua kila mahali mpaka wafadhili wakajitoa. Bila yeye, leo ile park ingekuwa maegesho ya magari. Bustani ya umma ikipotea kipande kidogo, kurudi ni vita. Philly wanaanza na uzio wa jioni.

Ngosha215
Kamanda, ghorofa 60 za zege na taa za hariri zinazobomolewa Septemba unaziweka kapu moja?

KamandaOtieno
Naweka kapu moja ile tabia ya kuamua bila kuuliza wenyewe.

DadaWaChinatown
Mimi nafanya kazi Chinatown, nimeolewa Philly, na nimekaa kimya muda mrefu nikiwasoma. Mnazungumza habari za watu wa Chinatown kana kwamba ni mabubu. Hawa watu wamepigana zaidi ya wengi wenu. Barabara kuu ya Vine Street ilikata mtaa wao vipande viwili. Mwaka 2000 mji ulitaka kuwajengea uwanja wa besiboli mlangoni, wakaukataa. 2008 ikaja kasino, wakaikataa. 2022 timu ya 76ers ikatangaza ukumbi wa mpira wa kikapu pembeni kabisa ya mtaa wao, watu wakaandamana miaka miwili, baraza la mji likapitisha hata hivyo Desemba 2024, halafu Januari 2025 wenye timu wenyewe wakageuka wakaacha. Bibi ninayefanya naye kazi alikuwa kwenye maandamano hayo na fimbo yake.

Kuhusu taa, maoni yao si mamoja. Wenye migahawa wanafurahi, maana wageni wakitoka bustanini wanatafuta tambi. Wazee wanaokaa vyumba vya ghorofani bila kiyoyozi wao walikuwa na benchi zao jioni. Na kuna vijana wanaosema kinachowauma si uzio. Kinachowauma ni mji huohuo unaopenda majoka yao ya hariri huku ukipitisha miradi ya kuwaondoa. Hilo ndilo mngelijadili, badala ya pilau.

MamaZuhura
Dada, pilau haijatajwa kwa dharau. Tumesema chakula cha watu kiwe cha watu.

Mchungaji_J
Nami naomba kuuliza kitu ambacho wote mnakiruka. Taa hizo zina majoka, zina miungu. Mkristo anampeleka mtoto akaangalie joka? Kama ilivyo ile ODUNDE yenu ya Juni, tamasha la Kiafrika hapa Philly, watu wanakwenda mto Schuylkill kumpelekea Oshun, mungu wa kike wa mto wa Wayoruba, matunda na maua, na Waafrika wanashangilia.

BintiMakunduchi
Mchungaji, ODUNDE isikilize vizuri. Ilianzishwa 1975 na Lois Fernandez, mwanamke wa Philadelphia, kwa ajili ya Wamarekani Weusi waliokuwa wakisukumwa nje ya mtaa wao wa South Street. Inafanyika barabarani, na mtu hakatiwi tiketi. Mtoto wangu amekula samaki pale, amesikia ngoma, hajamsujudia mtu.

Na kwa kuwa umegusa mila, nikuambie. Kwetu Makunduchi, Unguja, tuna Mwaka Kogwa kila Julai. Wanaume wanapigana kwa makoa ya migomba mpaka chuki za mwaka mzima zinakwisha, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanapita mashambani wakiimba. Asili yake wanasema ni Nairuzi, mwaka mpya wa Washirazi. Masheikh wamesema sana, na sisi tunaswali sala tano na tunakoga mwaka. Kila nyumba inatakiwa iwe na mgeni siku hiyo, ukikosa mgeni ni nuksi. Sherehe inayohitaji mgeni haiwezi kumfungia mgeni mlango. Hapo ndipo ninapoona taa za Franklin Square zimekosa kitu.

SheeMmoja
Dada Makunduchi, ya mganga na kuchoma kibanda usiyatetee kwa sala tano.

BintiMakunduchi
Njoo Julai uniambie uso kwa uso, utakula kwangu.

LamuMkongwe
Nyote mnawaona Wachina kama wageni wa jana. Sultani wa Malindi alimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, enzi za safari za Zheng He, amiri wa meli za China. Pate kuna familia zinazosema babu zao ni mabaharia wa China waliovunjikiwa jahazi. Vyungu na sahani zao zimejaa kwenye makaburi ya pwani. Tukitaka kusema ya nani ni sikukuu, tuanze huko.

Ngosha215
Mzee wangu, shikamoo, lakini twiga hahusiani na uzio.

LamuMkongwe
Marahaba. Anahusiana. Watu waliopelekeana zawadi hawaulizani tiketi.

KijanaWaTemple
Kitu kimoja mnakisahau. Sikukuu ya taa kwa Wachina wenyewe iko siku ya 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda yao, Februari au Machi. Watu wanakula vitumbua vya mchele vya kuchemsha, watoto wanatembea na taa mkononi. Ile ya Franklin Square ni ya Juni mpaka Agosti. Kwa hiyo hakuna sikukuu iliyowekewa bei. Ni maonyesho ya kiangazi: sarakasi, wanaobadilisha sura kwa barakoa kufumba na kufumbua, wanaochezesha mitungi kwa miguu. Maonyesho yote yana tiketi duniani. Mleta mada angesema hivyo tangu mwanzo tungekwisha zamani.

MpembaWaRace
Kijana, umenipa nguvu wewe. Kama ni sikukuu ya watu, ningeinama nikasema wana haki ya kiwanja kwa siku zao, kama wengine wanavyopewa. Ikiwa ni maonyesho ya biashara, ndiyo kabisa yasikae kwenye bustani ya umma miezi miwili na zaidi.

Ngosha215
Bado hujajibu. Kodi au tiketi? Chagua. Nyasi hazijimwagilii. Ukisema kodi, ya nani? Mimi nalipa kodi ya mshahara ya mji huu, tena si ndogo, na shule ya wanangu ina madirisha ya kubandikwa plastiki. Kama kuna Mkorea au Mjerumani mtalii aliye tayari kutoa dola 20 na ushee kuona joka, na dola hizo zikabaki hapo hapo bustanini, mimi namshukuru. Harusi yangu ilikuwa na kadi na hakuna aliyelala njaa.

MamaZuhura
Na nani alibaki nje, ulihesabu?

DadaWaChinatown
Ngosha, kodi unayolipa ndiyo hiyo wanayolipa na wazee wa Race Street kupitia kodi ya nyumba na kila wanachonunua. Wamelipa. Wanalipa mara ya pili mlangoni. Hilo huwezi kulizunguka kwa madirisha ya shule, ingawa madirisha nayo yananiuma.

KamandaOtieno
Hapo umemaliza dada.

Ngosha215
Hajamaliza. Ila nimemsikia.

MpembaWaRace
Basi tufanye kitu. Naandika barua kwa mjumbe wa baraza la eneo na kwa waendeshaji wa bustani. Nataka majina ya watu wanaokaa au kufanya kazi jirani. Naomba mambo mawili: kabla ya kila msimu wakaaji waulizwe hadharani, na uzio uondolewe jioni nusu ya wiki.

DadaWaChinatown
Barua itafsiriwe Kikantoni na Kimandarini kabla haijaenda, nao waisome waikatae au waikubali. Bila hivyo jina langu usiweke.

Ngosha215
Nusu ya wiki utaua tamasha, fundi wa FundiChuma atarudi Zigong mikono mitupu. Andika jioni mbili kwa wiki, bure kwa wenye anwani za jirani, nitatia sahihi. Ukiandika uzio uondolewe, usinihesabu.

MpembaWaRace
Jioni tatu.

Ngosha215
Mbili, na moja iwe Ijumaa.