Mji mmoja viwanja vya ndege vitatu, vinne: wewe unachaguaje? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za muda huu. Mdogo wangu anahitimu chuo pale Cambridge, naenda na mama, na toka juzi usiku nimekaa na simu nahangaika na jambo ambalo nilidhani la dakika tano. London ina viwanja mpaka unachoka, Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, City na Southend, vyote vinajiita London na ukiandika tu London kwenye kutafuta tiketi vinakumwagikia vyote kwa pamoja. Nimebaki na machaguo mawili, la kwanza ndege inatua Heathrow tiketi moja hiyo hiyo, la pili nafika mji mmoja wa Ulaya bara halafu nachukua tiketi nyingine ya pembeni ya ndege za bei poa mpaka Stansted. Hili la pili jumla yake iko chini kidogo, na Stansted ndio iko upande wa Cambridge, kuna treni ya moja kwa moja kama nusu saa tu. Kwa hesabu za haraka nimeshaona njia, ila nimewahi kuumia kwa hesabu za haraka ndio maana nawauliza.

Naanza na yangu. New York, miaka kadhaa nyuma. Nikaona bei ya Newark imekaa vizuri, Newark iko New Jersey ng'ambo ya mto Hudson lakini inahesabiwa humo humo na JFK na LaGuardia. Na kusema ukweli kiwanja hakina shida, unapanda kile kitreni cha AirTrain unakutana na treni kubwa, kama nusu saa uko katikati ya Manhattan. Shida ilikuwa mimi. Unakoenda panaitwa New York Penn Station, sasa kabla ya hapo kuna kituo kinaitwa Newark Penn Station, na kondakta akitangaza haraka haraka na wewe macho mekundu hujalala, Newark na New York ni neno moja. Nikashuka kifua mbele na mabegi mawili, naangalia magorofa yale ya kwenye picha siyaoni, nikajisemea labda yako upande wa nyuma. Nimezunguka kile kituo dakika arobaini ndio nikamuuliza mama mmoja, akanicheka mpaka akakaa chini.

Haya, leteni na zenu.

BegiMoja:
Hahaha Penn Station imekula wengi mkuu usijilaumu.

Mimi imani yangu ilikuwa moja, kiwanja kilicho karibu na mji ndicho hicho hicho, mengine ni porojo. Tokyo ikanitoa ushamba. Haneda iko kama kilomita 15 toka katikati, Narita iko kama 60, iko mkoa mwingine kabisa wa Chiba, sasa nani mwenye akili timamu achague Narita? Nikakata Haneda. Kumbe ndege yangu inatua saa saba kasoro usiku, Haneda inafanya kazi usiku kucha lakini treni za Tokyo hazikeshi, zinalala kwenye saa sita saa saba hivi mpaka alfajiri saa kumi na moja. Nikawa niko karibu na mji na siwezi kufika mjini. Teksi nilipiga hesabu nikaona bora kiti, nikalala pale uwanjani na begi nimelikumbatia kama mtoto. Safari iliyofuata nikachukua ya Narita inayotua mchana, nikapanda treni ya kasi ya Skyliner, dakika arobaini hivi niko Ueno, ndani ya Tokyo, nimeshafika. Kilomita 60 zikazishinda 15.

Toka hapo sianzi na ramani, naanza na saa ya kutua.

Kiti34C:
Sasa sikilizeni ya Istanbul, na hii naomba asirudie mtu.

Istanbul kuna kile kikubwa kipya, kiko upande wa Ulaya huko juu karibu na Bahari Nyeusi, halafu kuna Sabiha Gökçen upande wa Asia. Mji mmoja mabara mawili, katikati mlangobahari wa Bosphorus. Mimi nikakata tiketi mbili tofauti, ya kwanza inafika kile kikubwa saa nane mchana, ya pili inatoka Sabiha saa moja na nusu usiku, nikaona masaa matano na nusu ni mengi hata nitapata muda wa kula. Nilichosahau ni kwamba ukihama kiwanja wewe sio abiria wa kupita tena, wewe ni mgeni unaingia nchini, kwa hiyo unapanga foleni ya uhamiaji na wenzio, viza uwe nayo (nilikuwa nayo, hapo Mungu alinisaidia), unasubiri mabegi yatoke, unatoka nje unatafuta usafiri, halafu ndio unaanza kuvuka bara zima saa ambayo watu wote wanatoka kazini. Kwenye daraja gari likasimama. Likasimama tena. Nafika Sabiha kaunta imefungwa dakika kumi na mbili zilizopita, dada wa pale ananiangalia kwa huruma ila huruma haifungui geti. Na kwa kuwa ni tiketi mbili tofauti hakuna wa kumlaumu, ya pili ikaniungua hivyo hivyo.

Na siku hizi metro inafika viwanja vyote viwili, Sabiha toka 2022 na kile kikubwa toka 2023, lakini hata na metro mimi tena hapana, labda nilale mjini usiku mmoja katikati.

Mwendapole:
Pole sana 34C.

Naomba niulize wakuu, hizi kilomita mnazohesabu mnahesabu toka wapi? Kila mtu anasema "katikati ya mji". Nani kati yenu amewahi kulala katikati ya mji? Mimi nikienda Washington nafikia kwa kaka yangu, anaishi huko Maryland kwa upande wa Baltimore. Kila mtu aliniambia chukua kiwanja cha Reagan, Reagan, iko karibu kabisa na mji, metro mlangoni. Ni kweli iko hivyo, ila mimi nikitua Reagan navuka mji mzima kwenda kaskazini, nikitua BWI ile ya Baltimore kaka ananichukua dakika ishirini nyumbani. Kiwanja cha mbali kwa wengine kwangu mimi ndio cha uani. Na Dulles nayo kuna watu ukiwaambia ni mbali watakushangaa, wanaishi huko huko Virginia.

Andika anwani kamili ya unapolala, weka na siku na saa, halafu ndio uone.

MamaMabegi:
Mwendapole umesema kweli tupu.

Mimi yangu ni aibu ila ngoja niitoe. Niliwahi kuishi Chicago, kuna O'Hare na Midway. Mimi ni mtu wa Midway, kadogo, foleni zake nimezizoea, unatoka kwenye gari mpaka getini hujachoka. Nikaandika CHI kwenye kutafuta tiketi maana hiyo inakuletea viwanja vyote, nikaona bei nzuri nikabonyeza. Kwenda natoka Midway, gari nimeliacha kwenye maegesho pale. Kurudi, sikusoma. Ilikuwa O'Hare. Niko nje saa nne usiku na watoto wawili wamelala mabegani natafuta gari langu ambalo liko upande wa pili wa mji, na nilishaanza kusema limeibiwa jamani, mume wangu kwenye simu ananiuliza kwa upole hivi uko kiwanja gani. Kale kaswali sikasahau.

KunguruWaMjini:
😂😂😂 uko kiwanja gani

Kiti34C:
Upole wa mume hapo ndio unaouma zaidi.

KunguruWaMjini:
Haya na mimi. Mnajua kuna kiwanja kinaitwa Frankfurt-Hahn? Zamani ilikuwa kambi ya ndege za jeshi la Marekani. Kutoka hapo mpaka Frankfurt yenyewe ni kama kilomita 120. Mia na ishirini! Nilishuka nikaona mashamba, nikadhani ndege imepata hitilafu imetua njiani. Na Paris kuna Beauvais, kama kilomita 85, jina la Paris wamelibandika tu. Beauvais nimeitumia mara mbili na sijutii maana nilikuwa na kibegi cha mgongoni, nina siku nyingi na mfukoni hamna kitu, basi la saa moja na zaidi kwangu lilikuwa usingizi. Ila ukiwa na mkutano asubuhi au umefuatana na mzee, achana nayo. Bei poa inalipwa na mwili.

Swali langu ni moja tu, hasa kwa wanaokata tiketi za saa kumi na mbili asubuhi: utafikaje pale saa kumi alfajiri? Kama jibu ni teksi ya kilomita 60, basi ule unafuu umeshaisha kabla hujapanda ndege.

BegiMoja:
Nakazia hapo. Hata London City wanayoisifia, ni kweli inafurahisha, kadogo, treni ya DLR iko mlangoni, ila kenyewe kanafungwa Jumamosi mchana mpaka Jumapili mchana, na njia yake ya kurukia ndege ni fupi, mita 1,508, kwa hiyo ndege kubwa za safari ndefu haziingii. Ni ya watu wa biashara wa kwenda na kurudi.

Mwendapole:
LaGuardia nayo usiitegemee kwa safari ndefu. Kuna sheria ya maili 1,500, kama kilomita 2,400, ndege zinazozidi hapo haziruhusiwi isipokuwa Jumamosi na zile za Denver. Ndio maana mtu unatafuta New York kwenda pwani ya magharibi unaletewa JFK na Newark tu, unadhani mtandao umekwama.

Dirishani:
Jamani naomba niongeze kitu, kuweni makini na ushauri wa zamani, hata huu wetu. Rafiki yangu alinikataza Dulles kwa sababu yeye alikwenda enzi ambazo metro haijafika, nikamsikiliza nikalipa zaidi kushuka kwingine, kumbe treni ilishafika pale toka Novemba 2022. Linate ya Milan hivyo hivyo, metro imefika 2022. Luton mlikuwa mnashuka treni mnapanda basi, sasa kuna kitreni toka 2023. Orly ya Paris imeunganishwa na metro namba 14 mwaka 2024. Mtu akikwambia kiwanja fulani ni usumbufu muulize kwanza ulikwenda lini.

Na hata ndani ya kiwanja kimoja angalieni terminali. Dubai metro inasimama terminali ya 1 na ya 3, ya 2 iko upande wa pili wa uwanja, haifiki. Nilijua hilo nikiwa nimeshashuka kwenye metro na begi.

MzeeTransit:
Nimesoma yote, mmenichekesha wanangu. Mimi nimesafiri kikazi miaka mingi, nina mawili.

La kwanza, kiwanja kikubwa kina kero zake lakini mambo yakiharibika kina njia nyingi za kukutoa. Niliwahi kuachwa kwenye kadogo kamoja ndege imefutwa, kampuni siitaji, ndege inayofuata ni kesho kutwa. Kwenye kikubwa ningeondoka usiku ule ule. Na mjue hili, kwa safari zinazoangukia kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, kifungu cha 8, ndege yako ikifutwa wakakupa nyingine inayotua kiwanja tofauti cha mji huo huo, gharama ya kukutoa hapo kukupeleka kwenye kiwanja ulichokata ni ya kampuni. Wengi wanajilipia teksi na kunyamaza. Tunza risiti.

La pili ni la aliyeanzisha mada. Kijana, hiyo tiketi ya pili unaiangalia bei, umeangalia pasi yako? Tiketi mbili tofauti zenye mizigo maana yake katika huo mji wa Ulaya bara utatoka uchukue mabegi ukayakabidhi upya. Kutoka ni kuingia Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja. Viza ya Uingereza haikuingizi Schengen, hizo ni nchi nyingine na viza nyingine. Na hizo ndege za bei poa mzigo wao sio ule wa safari ndefu, mama atakuja na zawadi za mwanae aliyehitimu, utalipia kila kilo.

Aliyeanzisha mada:
Daah. Mzee shikamoo kwanza. Viza ya Schengen sikuiwaza hata kidogo, nilikuwa naona Stansted hiyo nusu saa tu imenikaa kichwani. Kwa hiyo ya pili imekufa.

Sasa Heathrow mpaka Cambridge naona njia ni treni ya Elizabeth line mpaka kituo cha Farringdon halafu pale pale unabadilisha treni ya kwenda Cambridge, kubadilisha mara moja tu. Tatizo mama goti linamsumbua, ngazi na kukimbizana na treni hawezi, na yeye ukimwambia tupumzike anasema hajachoka huku anachechemea.

MzeeTransit:
Marahaba. Treni waachie vijana. Kuna basi la moja kwa moja toka Heathrow mpaka Cambridge, linachukua masaa matatu hivi, mabegi yanawekwa chini, yeye anakaa kiti kimoja mpaka mwisho. Ila usikate la karibu sana na saa ya kutua, acha nafasi ya uhamiaji na mabegi, na hakikisha unajua ndege yako inashukia terminali gani.

MamaMabegi:
Na mwombee kiti cha magurudumu kwenye kampuni ya ndege mapema, kama siku mbili kabla, ni bure. Atakataa. Mwambie ni utaratibu wa kiwanja.

Aliyeanzisha mada:
Nimekata Heathrow, kwenda na kurudi kiwanja kile kile, nimesoma mara tatu kwa ajili yako MamaMabegi. Kiti cha magurudumu nimekiomba. Mama nimemwambia ni utaratibu wa kiwanja, ameniuliza kama na mimi nitakaa kwenye changu.